Sifongo ya Jambiani: miezi minane bafuni kwangu

Sifongo hii ya kuogea niliinunua Jambiani, kijiji cha pwani ya mashariki ya Unguja, Zanzibar. Nimeitumia kila siku tangu mwisho wa Agosti, asubuhi kabla ya kazi na jioni nikirudi, na bado ni nzima. Naanza na hilo kwa sababu ndilo swali la kila mtu anayeiona ikining'inia bafuni kwangu: "Hiyo ya elfu arobaini inadumu kweli?" Inadumu. Pembeni pale ninapoibana kwa vidole nikiikamua pameanza kulegea kidogo, lakini katikati imeshikana kama siku niliyoinunua.

Mimi ni mfamasia. Kazi yangu ni kuchanganya dawa za kemo, yaani za saratani, katika hospitali moja ya Dar es Salaam, kwa hiyo mikono yangu inashinda ndani ya glavu, pea mbili juu ya nyingine, na ngozi ya mikono mpaka viwikoni inakauka hadi inapasuka. Dodoki lilikuwa linanichubua. Ule wavu wa plastiki wa madukani ulikuwa unanuka kabla ya mwezi kuisha. Nilichokuwa natafuta ni kitu laini, chenye kutoa povu bila kumaliza sabuni, kisichoacha vipande vya plastiki kwenye maji.

Kabla ya hii nilishanunua nyingine mjini, kwenye duka la zawadi za watalii ambalo sitalitaja. Elfu ishirini na tano. Ilikuwa nyeupe kama pamba, nyepesi mno, na muuzaji alinishikisha mkononi akisema, "Dada, hii inavuta sumu mwilini. Ukijisugulia kila siku, saratani haikukuti. Si ndiyo wanayotengenezea dawa za kansa huko hospitalini?" Wiki ya tano ikaanza kumeguka vipande kama punje za mchele, vikaziba tundu la bafu. Sifongo ikipaushwa kwa dawa kali, nyuzi zake hudhoofika, na rangi ile nyeupe ingetosha kunionya. Lakini hela yangu haikuniuma kama yale maneno yake. Nusu yake ni kweli. Na ile nusu nyingine, au maneno yanayofanana nayo, nimeona yakiwaweka watu nyumbani na uvimbe mpaka wakaletwa kwetu wamechelewa.

Nilipomsimulia shangazi yangu wa Makunduchi, akanijibu kwenye simu, "Mwanangu, umekwenda kununua mjini kitu kinacholimwa jirani yangu? Njoo Jambiani." Nilijua mwani unalimwa. Ulianza kulimwa pwani ya mashariki ya Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980, na shangazi mwenyewe alikuwa na vigingi vyake. Sifongo kulimwa, hilo sikuwahi kulisikia.

Ukitaka kwenda, nenda siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa kwa wingi. Maji yakipwa vizuri unatembea kutoka ufukweni, yanakufika magotini, halafu kiunoni, hadi kwenye mashamba, na unaona mwenyewe kila kitu. Siku za maji mafu utaishia kuonyeshwa picha. Mama aliyenitembeza alikuwa amevaa shati la mikono mirefu na kanga kichwani, miwani ya kuzamia imening'inia shingoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu. Viatu umevaa? Huku chini kuna miba."

Sifongo zimetungwa kwenye kamba kama shanga, kamba zimefungwa kwenye nguzo, maboya yanazinyanyua zisiguse mchanga. Zikiwa hai hazifanani kabisa na kitu unachokiona dukani. Ni nyeusi, zina utelezi, na ukiigusa moja unahisi ngozi ya mnyama. Kwa sababu ni mnyama. Hana mdomo wala jicho, anakula kwa kupitisha maji ya bahari katika vitundu vya mwili wake na kuchuja vijidudu vidogo vilivyomo. Hahitaji kulishwa, mbolea wala dawa. Anachohitaji ni maji yanayotembea na mtu wa kuja kumsafisha, maana mwani na makombe hung'ang'ania kwenye ngozi yake, na kazi kubwa ya wale mama ni hiyo: kuingia majini, kukwangua, kukagua kamba, kurudi tena. Baadhi yao hawakujua kuogelea kabla ya kuanza kazi hii. Wamezaliwa futi chache kutoka baharini na wamejifunza kuogelea ukubwani, ili walime.

Nilimwomba anionyeshe mbegu inavyopatikana. Akainyanyua sifongo moja kubwa, akachukua kisu, akakata kipande kama ndimu kubwa, akapenyeza uzi katikati na kukifunga kwenye kamba iliyokuwa wazi. Ile kubwa ikabaki na kidonda cha rangi ya manjano iliyofifia.

"Haifi, mama?"

"Haifi. Ngozi inajifunga yenyewe, halafu inaanza kuvimba. Hicho kipande nacho kinakuwa mtu mzima. Mwakani ukija utakikuta kama ngumi mbili."

Nilisimama pale na maji kiunoni nikiangalia kile kidonda. Mtu anayeshinda na dawa za kuzuia seli zisijigawe, akikutana na kiumbe kinachokatwa kikajijenga upya bila kuuguzwa, hawezi kupita tu.

Sasa nirudi kwa yule muuzaji wa mjini, kwa sababu ana wenzake wengi na sitaki mtu asome sifa zangu za sifongo hii akanunua kwa sababu isiyo yake.

Ile nusu ya kweli ni hii. Mnyama asiyeweza kukimbia anajilinda kwa kemikali. Samaki akija kumla, au jirani akija kumbana kwenye mwamba, au bakteria wakimwingia, silaha yake ni sumu anazotengeneza mwenyewe, au anazotengenezewa na bakteria wanaoishi ndani yake. Kuna sifongo ambazo theluthi nzima ya mwili ni bakteria. Katika miaka ya 1940, mkemia wa Marekani Werner Bergmann alichunguza sifongo ya Florida inayokaa imejifukia nusu mchangani, ambayo leo inaitwa Tectitethya crypta. Kuanzia mwaka 1950 alichapisha alichokuta: kemikali zinazofanana na matofali ya kujengea vinasaba, isipokuwa sukari yake si ile ya kawaida, ni arabinozi. Wakemia wakaifuata njia hiyo, na mwaka 1959 wakatengeneza maabara dawa iitwayo sitarabini. Marekani iliipitisha mwaka 1969. Mpaka leo ni mhimili wa tiba ya saratani kali za damu, na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Hiyo sitarabini naishika mimi. Kichupa chake kina unga mweupe kidogo, unaweza kudhani ni uchafu uliobaki chini. Nafuta kizibo cha mpira kwa spiriti, nasubiri kikauke, nachoma sindano kwa pembe, nayaacha maji yateremke taratibu kwenye ukuta wa kioo. Sitikisi. Nazungusha kichupa vidoleni mpaka unga unapotea na kubaki kitu ambacho kwa macho huwezi kukitofautisha na maji ya kunywa. Seli ya saratani ikitaka kujigawa inaokota tofali hilo la bandia ikidhani ni lake, inalijengea, na ujenzi unasimama hapo hapo. Tatizo ni kwamba seli nzuri zinazojigawa haraka nazo zinaokota: za uboho, za kinywa, za utumbo. Ndiyo maana mgonjwa anapata vidonda mdomoni na damu inashuka. Wanaopewa dozi kubwa tunawawekea na matone ya macho, kwa sababu dawa hufika hadi kwenye machozi na kuwasha macho vibaya. Hii ni dawa ya kuheshimiwa. Haivutwi mwilini kwa kujisugua.

Kuna watoto tunaowachanganyia sindano ndogo sana ya dawa hiyo hiyo, ambayo daktari huiingiza kwenye maji ya uti wa mgongo ili saratani isijifiche kwenye ubongo. Wengine wana limfoma ya Burkitt, ule uvimbe wa taya ambao daktari Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 kutokana na watoto aliowaona Uganda. Sindano hiyo tunaichanganya kwa kimiminika kisicho na kihifadhi chochote, na tunaikagua watu wawili, jina kwa jina, namba kwa namba. Mama mmoja kutoka Kanda ya Ziwa aliniuliza dirishani, mtoto wake akiwa amemlalia begani, "Hii dawa dada, ni ya miti gani?"

"Ilianzia baharini, mama. Kwa mnyama anayekaa mchangani."

Akasema hajawahi kuiona bahari. Alikuwa Dar es Salaam wiki ya tatu, kutoka wodini hadi dirishani kwangu na kurudi.

Kwa hiyo ndiyo, sifongo zimetupa dawa. Lakini sitarabini inatengenezwa kiwandani, hakuna sifongo inayokamuliwa kuipata. Na sifongo ya kuogea ni aina nyingine kabisa, tena ikifika mkononi mwako mnyama mwenyewe hayupo. Mama wa Jambiani alinionyesha hatua zote: inavunwa, inaachwa nyama yake ioze, inafinyangwa na kusuuzwa mara nyingi sana, inakaushwa, inapunguzwa kwa mkasi ipate umbo. Kinachobaki ni kiunzi chake, nyuzi za protini iitwayo sponjini. Hakina dawa. Hakina sumu ya kuvuta wala ya kutoa. Nilipomuuliza mama kama wateja humwuliza habari za saratani, alinijibu moja kwa moja, "Wanauliza. Nawaambia hii ya kuogea. Mgonjwa aende hospitali." Kwa jibu hilo peke yake ningelipa elfu arobaini.

Kuna jambo jingine linalonifanya niipende ya shambani kuliko ya kung'olewa kwenye mwamba. Mwaka 1986 Wajapani Hirata na Uemura walitangaza kemikali waliyoitoa kwenye sifongo iitwayo Halichondria okadai, wakaipa jina halikondrini B. Ilikuwa kali ajabu dhidi ya seli za saratani. Kuipata waliokota sifongo kilo 600, na mwisho wa kazi yote wakabaki na miligramu 12.5. Mimi napima miligramu kila siku, na hizo ni kama nusu ya punje ya mchele. Kilo 600 za wanyama, nusu ya punje. Baadaye huko Nyuzilandi ilivuliwa tani nzima ya sifongo nyingine yenye kemikali hiyo, ikatoka kama miligramu 300 tu. Ukiwaza wagonjwa wa dunia nzima kwa hesabu hiyo, bahari isingebaki na kitu.

Watafiti wa Nyuzilandi walifanya nini? Walichukua vipande vya sifongo hiyo, inayoishi kwenye kina kirefu, wakavitundika kwenye kamba majini karibu na juu, na vikakua. Yaani walifanya vilevile nilivyoona mama anafanya na kisu na uzi wake. Mwishowe tatizo la dawa lilitatuliwa na wakemia: Yoshito Kishi na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, waliiunda halikondrini B nzima maabara mwaka 1992, ikaonekana nusu tu ya molekuli ile ndiyo inayofanya kazi, na kutokana na nusu hiyo ikapatikana dawa ya eribulini, iliyopitishwa Marekani mwaka 2010 kwa saratani ya matiti iliyosambaa. Kuiunda kunachukua hatua zaidi ya sitini. Hiyo sijawahi kuichanganya, bei yake bado hatuimudu. Naitamani kwa ajili ya kina mama ninaowaona.

Ndiyo maana mtu akiniambia sifongo zake "zinatoka baharini moja kwa moja, asilia kabisa" namwuliza nani alizipanda. Mwamba unaokwanguliwa leo unaweza kuwa na kiumbe ambacho hakuna mtu amewahi kukitazama kwa darubini. Sifongo ya Jambiani ilikatwa kwa mwenzake, na mwenzake bado yupo kwenye kamba.

Haya, tuje bafuni.

Ikiwa kavu ni ngumu kidogo na inakwaruza, usiihukumu dukani. Iloweshe. Ndani ya dakika moja inavimba na kuwa laini kiasi kwamba namwogeshea mtoto wa dada yangu wa miaka miwili bila kelele. Inabeba maji mengi mno. Nikiikamua begani ni kama nimemwagiwa kata nzima. Sabuni ya kipande naipitisha mara mbili au tatu tu, povu linatosha mwili mzima, na kipande kilichokuwa kinaniishia wiki mbili sasa kinafika nne. Mikono yangu imepona mipasuko ya viwikoni. Sisemi ni miujiza. Nimeacha kujichubua, na nikitoka kuoga napaka mafuta ya nazi ngozi ikiwa bado na unyevu. Hakuna siri nyingine.

Kwa visigino haifai, endelea na jiwe lako. Na kama umezoea kuhisi umesuguliwa mpaka ngozi iwake, utaona hii haifanyi kazi.

Matunzo ndiyo yanayoamua kama itafika mwaka. Suuza mpaka maji yatoke safi, kamua kwa kubana kiganjani, usiinyonge kama nguo. Mimi niliinyonga mwezi wa kwanza na ndiyo sababu ya ule mlegeo wa pembeni. Itundike penye upepo. Usiichemshe, itasinyaa na kukakamaa. Usiitie dawa ya kung'arishia nguo. Kila baada ya wiki mbili naiweka kwenye bakuli la maji yenye kijiko cha siki kwa robo saa, nasuuza, na harufu haijawahi kunisumbua, isipokuwa masika haya ambapo bafuni hapakauki na nimelazimika kuitoa barazani.

Neno moja kwa wagonjwa, na hili nalisema kama mfamasia. Kama uko kwenye kemo na chembe zako nyeupe za damu zimeshuka, usiitumie, hii wala sifongo nyingine yoyote. Chochote kinachokaa na unyevu kinafuga bakteria, na wakati huo mwili hauna wa kuwapiga. Tumia mkono na sabuni, au kitambaa safi kinachofuliwa kila siku. Subiri damu ipande. Mgonjwa wangu mmoja alitaka nimletee ya kwake nilipokwenda, nikamnunulia, nikaifungia kabatini mpaka alipomaliza mizunguko yote. Nilimkabidhi Januari.

Bei ni nzito kwetu. Elfu arobaini kwa ya ukubwa wa kati ni pesa ambayo mtu wa Jambiani mwenyewe haitoi kwa ajili ya kuogea, na wateja wengi niliowakuta ni wageni. Lakini nimeona kazi yake: zaidi ya mwaka kukua, mtu kuingia majini wiki baada ya wiki, kisha kufinyanga na kusuuza. Ukigawa kwa miezi ninayoitumia inanitoka elfu tano kwa mwezi na inashuka. Wavu wa plastiki nilikuwa nabadilisha kila mwezi. Na mwani umekuwa ukiwafia wakulima kadiri maji yanavyozidi joto, hasa ile aina yenye bei nzuri, kwa hiyo mama anayepata shilingi yake kwenye sifongo ana kamba nyingine ya kushika. Shangazi aliacha mwani miaka iliyopita. Alinisindikiza hadi ufukweni siku ile, akakaa kivulini, na niliporudi akaichukua sifongo yangu, akaiminya, akainusa, akauliza, "Na mtu wa umri wangu wanamfundisha?"

Nimeangalia kalenda ya maji. Bamvua ya mwezi ujao inaangukia wikendi, nimeshaomba zamu yangu ibadilishwe. Nachukua mbili za ukubwa wa kati na moja ndogo ya mtoto, na safari hii shangazi amesema anaingia na sisi majini.